Kupunguza Haja ya Damu Si Kunyima Damu

Hoja hizi umezisikia. Zinasemwa kwenye mabenchi ya kungojea daktari, Masafu na Tororo upande wa Uganda, Busia na Alupe upande wa Kenya, na kila damu inapoadimika hurudi kwa sauti kubwa zaidi. Zinadai kwamba mpango wowote wa kupunguza idadi ya wagonjwa wanaoongezewa damu ni hatari, au ni ubahili wa serikali, au ni mambo ya nchi tajiri yasiyotufaa sisi wa mpakani. Nimezisikiliza kwa makini kwa sababu wanaozisema ni watu wenye uchungu, na wengi wao wamewahi kukesha wakitafuta damu ya mtoto au ya mama aliyejifungua. Uchungu wao nauheshimu. Hoja zenyewe hazisimami, na nitaonyesha kwa nini. Msomaji, hukumu ni yako.

Hoja ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Inasema hivi: mtoto akiishiwa damu, dawa yake ni damu, daktari anayesema tungoje kwanza anacheza na uhai wa mtoto. Kuna ukweli ndani yake, na tuuseme wazi. Mtoto ambaye hemoglobini yake imeshuka chini ya gramu 4 kwa desilita, au anayehema kwa shida, au aliyepoteza fahamu, lazima aongezewe damu, tena upesi. Utafiti wa hospitali ya Siaya uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba damu iliwaokoa watoto walio katika hali mbaya namna hiyo pale walipoipata siku ya kulazwa au kesho yake. Ikichelewa zaidi ya hapo haikuwafaa. Kuhusu mtoto huyo hakuna anayebishana na mwenzake. Ubishi uko kwa mtoto wa katikati. Hemoglobini yake ni kati ya 4 na 6. Ukimfunua kope la chini unakuta weupe, viganja vimepauka, lakini anapumua vizuri, ananyonya, anamfuata mama yake kwa macho. Je, naye aongezewe damu saa hiyo hiyo?

Swali hilo lilijibiwa hapa hapa kwetu. Utafiti uitwao TRACT, uliochapishwa mwaka 2019, ulifanyika katika hospitali za Mbale, Soroti na Mulago nchini Uganda, na Blantyre nchini Malawi. Mbale ni kilomita zipatazo 45 tu kutoka Tororo. Watoto 1,565 wa namna hiyo, wenye hemoglobini kati ya 4 na 6 na wasio na dalili za hatari, waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza liliongezewa damu papo hapo. Kundi la pili halikuongezewa. Lilichungwa na kupimwa tena na tena, na yeyote aliyeshuka chini ya 4 au aliyeanza kuonyesha dalili za hatari alipewa damu. Siku 28 zilipopita, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza watoto 7, la pili 13. Kwa asilimia ni 0.9 na 1.7.

Hapo mpinzani atasimama aseme kwamba 13 ni karibu mara mbili ya 7. Ni swali halali, na linastahili jibu kamili. Vifo ni vichache mno kati ya watoto wengi kiasi hicho, hata tofauti hiyo yaweza kuwa imeletwa na bahati tu. Utafiti haukuthibitisha kwamba damu ya papo hapo inaokoa zaidi, wala haukuthibitisha kwamba tofauti haipo kabisa. Uliloonyesha ni kwamba mtoto huyu wa katikati akichungwa ipasavyo, kungoja si kumhukumu kifo. Watoto zaidi ya 98 katika kila 100 walioambiwa wangoje walikuwa hai mwezi mmoja baadaye.

Mpinzani mwingine hushika takwimu nyingine, kwamba asilimia 49 ya watoto walioambiwa wangoje waliishia kuongezewa damu. Ni kweli. Lakini asome na sehemu iliyobaki: asilimia 51 hawakuongezewa. Kwa wastani, mtoto wa kundi la papo hapo alitumia mililita 314 za damu, na mtoto wa kundi lililongoja alitumia 142. Hiyo ni chini ya nusu. Damu iliyobaki kwenye jokofu inamngoja mtoto mwenye hemoglobini ya 3 atakayeletwa kwa bodaboda usiku wa manane, yule yule ambaye mpinzani anasema anamtetea.

Sitaficha masharti. Kungoja bila kupima ni uzembe, na mtu yeyote anayetumia jina la mpango huu kumwacha mtoto wodini bila kumwangalia hadi asubuhi anastahili kulaumiwa. Watoto walioambiwa wangoje walikaa hospitalini karibu siku moja zaidi, na siku hiyo ina gharama kwa mama aliyeacha wengine nyumbani. Mpango unahitaji kipimo cha hemoglobini kinachofanya kazi usiku na mchana, na muuguzi wa kukitumia. Ukikosa hivyo viwili, usiseme unaokoa damu.

Tena utafiti huo huo una sehemu ambayo wanaotuita wabahili hawaitaji. Uliuliza pia ni damu kiasi gani itoshe: mililita 20 kwa kila kilo ya mtoto, au 30? Kwa watoto wasio na homa, 30 ilikuwa bora. Kwa wenye homa, 30 ilileta vifo zaidi kuliko 20. Kwa hiyo kuna watoto waliokuwa wakipewa damu kidogo kuliko wanayohitaji, na wengine waliokuwa wakipewa nyingi kupita kiasi. Mpango unaotaka mtoto mmoja aongezewe zaidi na mwenzake apunguziwe hauwezi kuitwa ubahili. Unapima kila mmoja kwa hali yake.

Hoja ya pili inasema tatizo letu ni wachangiaji: watu wajitokeze, benki za damu zijae, na mjadala huu ufungwe. Natamani wachangiaji waongezeke, na nawashukuru wanaojitoa. Lakini angalia damu inatoka wapi. Pande zote mbili za mpaka, wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, chanzo kinakauka. Likizo ya Desemba na Januari huja mara baada ya mvua za vuli, wakati malaria ingali juu na wodi za watoto zimejaa. Damu nzima haikai zaidi ya siku 35 kwenye jokofu, kwa hiyo huwezi kuvuna ya Oktoba ukaiweka ingojee Januari. Upande wa Kenya kuna pigo jingine: ufadhili wa Marekani kwa huduma ya taifa ya damu ulipofika mwisho mwaka 2019, uhaba ulifuata nchi nzima. Chombo kinachotegemea likizo za shule na bajeti ya ugenini hakiwezi kuwa tegemeo pekee la uhai wa watoto wetu.

Na hapa pana mgongano ambao sijasikia mtu akiutatua. Watu wale wale wanaolia kwamba damu haitoshi ndio wanaotaka kila mtoto aliyepauka atundikiwe chupa. Wachague. Kama damu ni adimu, kuna namna ya kuamua nani atangulie, na namna hiyo iwe ya kipimo, isiwe ya nani amefika mapema au nani ana ndugu ndani ya hospitali.

Hoja ya tatu: kupunguza haja ya damu ni anasa ya nchi tajiri. Wanaosema hivi wamesikia habari za Australia Magharibi, ambako mpango wa aina hii ulifuatiliwa kwa wagonjwa zaidi ya 600,000, na matumizi ya damu kwa kila aliyelazwa yakapungua kwa asilimia 41 huku vifo navyo vikipungua. Wanajibu kwamba wale wana mashine na sisi hatuna. Ni kweli hatuna mashine hizo. Lakini mzee anayefanyiwa upasuaji wa nyonga Perth ana haja yake, na mtoto wa Nagongera ana yake. Kwetu, damu ya mtoto inamalizwa na malaria, minyoo, lishe duni na selimundu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokingwa kwa mashine ya bei kubwa. Kilicho ghali ni chupa ya damu yenyewe: mfuko wake, vipimo vyake, jokofu lake, umeme wake, na gari la kuileta kutoka Mbale.

Nagongera, wilaya ya Tororo, ndiyo ushahidi wangu mkuu. Mwanzoni mwa muongo uliopita watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja huko aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka. Hiyo ni karibu kila usiku. Desemba 2014 upuliziaji wa dawa ukutani ulianza. Waliouona wanajua ulivyo: vyungu, magodoro na magunia ya mahindi yanatolewa uani, kuku wanafukuzwa, mpulizaji anaingia na pipa mgongoni, kisha familia inakaa chini ya mwembe kungoja kuta zikauke. Jumlisha vyandarua vilivyogawiwa mwaka 2013 na 2017. Kati ya Oktoba 2017 na Oktoba 2019 watu 531 wa Nagongera walifuatiliwa. Malaria iliwapata mara 38 tu. Malaria kali haikumpata hata mmoja, na hakuna aliyekufa kwa malaria. Mtoto asiyepatwa na malaria kali haishiwi damu kwa malaria. Hakuna benki ya damu Afrika Mashariki iliyowahi kufanya kazi hiyo.

Mpinzani aliyesoma atanijibu kwamba malaria ilirudi Tororo. Ndiyo, ilirudi. Baada ya dawa ya kupulizia kubadilishwa, kuanzia 2020, mbu walirejea na homa ikapanda kwa kishindo. Mimi nasoma tukio hilo kinyume na anavyolisoma yeye. Kinga ilipofanya kazi, ugonjwa ulishuka. Ilipolegea, ugonjwa ukapanda. Anayetoa ushahidi huo anathibitisha kwamba kinga ndiyo iliyokuwa imeushikilia ugonjwa. Funzo lake ni kuchagua dawa kwa kuwapima mbu wa mahali penyewe, na kutokatiza kazi njiani.

Ushahidi wa kwetu hauishii kwenye kuta. Chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, Kaunti ya Busia ikiwemo. Katika majaribio yaliyotangulia, chanjo hiyo ilipunguza haja ya kuongezewa damu kwa takriban asilimia 29. Kwa watoto wenye selimundu, Mbale ilikuwa mojawapo ya vituo vinne vya Afrika vilivyojaribu kidonge cha haidroksiurea. Kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 kwa mwaka, damu iliongezwa mara 43. Baada ya dawa, mara 14. Vifo navyo vilishuka, kutoka 3.6 hadi 1.1. Na mtoto aliyekwisha kuongezewa damu, akirudi nyumbani kwenye mbu wale wale, hurudi hospitali. Utafiti uliofanyika Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 uliwapa watoto hao dawa ya kukinga malaria mara tatu, mwezi baada ya mwezi. Katika kipindi hicho cha kinga, vifo na kulazwa tena vilipungua kwa takriban asilimia 70. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kinga hiyo mwaka 2022. Swali la kumuuliza daktari siku ya kuruhusiwa ni hili: mwanangu anapewa?

Hoja ya nne inanigusa, na najua kwa nini watu wanaishika. Inasema mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja habari za kinga. Mpe damu au azikwe. Ni kweli kabisa kwa mama aliyekwisha kupoteza damu nyingi. Kosa la hoja hii ni kuanza hadithi mwishoni. Mama aliyeingia leba akiwa na damu ya kutosha anastahimili upotevu ambao ungemuua mwenzake aliyeingia akiwa amepauka. Kwa hiyo vidonge vya madini ya chuma, dawa ya minyoo na kinga ya malaria kliniki ni sehemu ya tiba ya leba, miezi kadhaa kabla ya leba. Halafu kuna saa yenyewe. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, ulianza na kitu chepesi: karatasi ya plastiki inayotandikwa chini ya mama, yenye mfuko uliochorwa mistari ya mililita. Mkunga hakisii tena damu kwa kutazama shuka. Inapofika mstari wa hatari, mambo yote yanafanywa kwa mpigo: kusugua tumbo la uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, kumkagua mama na kuita msaada. Kuvuja damu kwa kiwango kikubwa, upasuaji wa kuzuia damu au kifo kutokana nayo vilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Niseme na hili ili mizani iwe sawa. Utafiti mwingine mkubwa, WOMAN wa mwaka 2017, uliohusisha akina mama 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki inapunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ikitolewa ndani ya saa 3, lakini haikupunguza idadi ya walioongezewa damu. Anayeitangaza dawa hiyo kama mbadala wa damu anakosea, hata kama yuko upande wangu. Inaokoa mama, hiyo yatosha kuitaka katika kila kituo cha afya.

Hoja ya tano: damu siku hizi inapimwa, kwa hiyo kuongezewa hakuna hasara. Inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na kazi hiyo imeokoa watu wengi. Lakini hasara za damu si maambukizi hayo pekee. Kuna chupa iliyokosewa jina. Kuna mtoto mdogo ambaye moyo wake unazidiwa na maji. Kuna msichana ambaye mwili wake unatengeneza kinga dhidi ya damu ya mgeni, na kinga hiyo inakuja kumdhuru mtoto atakayembeba miaka kumi baadaye. Damu ni tiba yenye nguvu, na kila tiba yenye nguvu hutolewa kwa sababu. Anayekubali hilo kwa vidonge vya malaria hana msingi wa kulikataa kwa damu.

Hoja ya sita ni fupi na jibu lake ni fupi. Wanasema haya ni mafundisho ya Mashahidi wa Yehova yaliyovalishwa koti la daktari. Mashahidi hukataa damu kwa imani yao, na hilo ni lao. Mpango ninaoutetea unaagiza damu itolewe upesi kwa mtoto mwenye hemoglobini chini ya 4. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalogusa mpango wa aina hii mwaka 2010, na Shirika la Afya Duniani likalisisitiza tena mwaka 2021. Hoja haijibiwi kwa kutaja dini ya jirani.

Nimeiacha ya mwisho ile inayosemwa kwa hasira zaidi: wagonjwa wa ng'ambo ndio wanaomaliza damu yetu. Busia ya Kenya inaisema juu ya Busia ya Uganda, na ng'ambo inairudisha kwa maneno yale yale. Pande zote mbili haziwezi kuwa zinaporwa damu ile ile kwa wakati mmoja. Na wanaosema hivyo ni Wasamia wenye shangazi ng'ambo ya pili, ni Wateso ambao ardhi ya ukoo imekatwa na mpaka. Malaba ni Tororo ukisimama upande huu, ni Kaunti ya Busia ukivuka daraja. Mgonjwa hukimbilia mlango ulio karibu na ulio wazi. Sitamlaumu mama kwa hilo, na wewe ungefanya vivyo hivyo.

Hata tukikubali, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba wagonjwa wa ng'ambo ni wengi, hoja hiyo inaishia upande wangu. Ukimzuia mgonjwa mpakani, mbu utamzuia na nini? Wakati Tororo ikipuliziwa dawa kwa miaka mfululizo, wilaya jirani ya Busia, Uganda, haikuwa katika mpango huo. Nyumba zilizo karibu zilikuwa na kinga tofauti kwa sababu ya mstari wa kiutawala, na ndani ya nchi moja. Njia pekee ya kupunguza wagonjwa wa ng'ambo wanaohitaji damu yako ni wao kutohitaji damu.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa afya wa wilaya za Tororo na Busia, na wa Kaunti ya Busia: kaeni meza moja, chagueni dawa ya ukutani kwa kuwapima mbu wa pande zote, na pulizieni msimu mmoja. Kila hospitali inayolaza watoto iwe na kipimo cha hemoglobini kinachofanya kazi usiku. Mtoto aliyeongezewa damu asitoke bila dawa ya kinga ya miezi mitatu. Na wewe mama mjamzito, ukienda kliniki wiki hii, usiondoke kabla hujapimwa wingi wa damu na kukabidhiwa vidonge vyako mkononi.